Waliopo Hapa: Wawili

Kesi ilikuwa imeiva mno, na hilo ndilo lililomkosesha Inspekta Kobe raha. Katika miaka ishirini na mitatu ya kazi hakukumbuka kupewa kesi iliyojimenya yenyewe. Kobe halikuwa jina lake. Vijana wa kituoni walimpachika kwa sababu ya mwendo wake, wakidhani hajui, naye aliwaacha wadhani.

"Faili lifike kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana," mkuu wa kituo alisema bila kuinua macho kwenye gazeti. "Mdogo wa marehemu tumemweka ndani siku ya tatu leo. Tumshitaki au tumwachie, na kumwachia sioni sababu."

"Hajakiri, mkuu."

"Hajakataa vilevile. Amenyamaza. Kimya kingi kina mshindo, Kobe."

Mkuu alikuwa amesahau kwamba jina lile husemwa nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Wote wawili wakajifanya halijasemwa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Kobe alirudi mezani kwake akalifungua faili tena, kama mtu anayepapasa mifuko kabla ya kutoka nyumbani. Marehemu alikuwa mtengenezaji wa tovuti, miaka thelathini na minane, asiye na mke wala mtoto, aliyeishi na kufanyia kazi zake katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili. Jirani wa chini ndiye aliyetoa taarifa, baada ya maji kudondoka darini kwake kwa siku mbili. Walipovunja mlango walimkuta sakafuni jikoni, bomba la sinki linavuja, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa saruji. Daktari aliandika kwa tahadhari za kidaktari: huenda aliteleza, huenda alisukumwa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Funguo za mlango huo zilikuwa mbili tu duniani, mmoja mfukoni mwa marehemu, wa pili mfukoni mwa mdogo wake, fundi rangi.

Hapo ndipo fundi rangi alipoanza kujipalia makaa, ingawa makaa yenyewe yaliletwa na mama yake. Mama alikuwa ameeleza kwa fahari, kabla hajajua anaeleza nini, kwamba mwanawe mdogo alipita kwa kaka yake kila jioni akitoka kazini. "Mkubwa hapokei simu akiwa na kompyuta zake, tangu zamani," maelezo yake yalisema. "Mdogo wake ndiye mjumbe wetu. Hakuna jioni aliyokosa, ila akiwa safarini."

Kompyuta ya marehemu ikamuunga mkono mama. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wa majaribio uliohesabu watu walioufungua, na kila jioni ulipofunguliwa ulijiandikia rekodi. Ukurasa ule haukuwahi kuwekwa kwenye mtandao wa dunia, ulifunguka ndani ya nyumba ile tu. Rekodi ilikuwa na mistari arobaini na mmoja, jioni arobaini na moja mfululizo, na kila mstari ulisema jambo lilelile: waliopo hapa, wawili. Hata jioni ya kifo, wawili. Isipokuwa siku ya sita, iliyosema mmoja. Kobe alikuwa ameipekua siku hiyo ya sita akakuta kwamba fundi rangi hakuwepo, alikwenda mji mwingine kupaka rangi shule akalala hukohuko. Mkuu aliposikia hivyo alipiga meza kwa kiganja akasema kesi imekwisha.

Lakini ilikuwepo picha. Mpiga picha wa kituo alikuwa ameipiga sebule ya marehemu kutoka mlangoni: meza inayotazama ukuta, kompyuta, kikombe, kiti. Kobe aliitazama kwa muda mrefu. Jioni arobaini za mgeni, na kiti ni kimoja.

Aliweka nakala ya diski mfukoni, akachukua kofia.

*

Mtu pekee aliyekuwa kwenye simu ya marehemu ambaye hakuwa mteja wala ndugu alikuwa mwanamke mmoja wa fani yake, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme. Marehemu alikuwa amemwandika "Nukta". Kobe alipomwita kwa jina hilo mlangoni, mwanamke alieleza mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Ndiye aliyenibandika. Tulikuwa ofisi moja miaka minne. Alikuwa ananifundisha kazi, nikawa nagombana naye kutwa nzima kwa sababu kitufe kimekaa nukta moja kushoto. Kaa, afande. Ondoa hizo karatasi tu."

"Mara ya mwisho mlionana lini?"

"Mwaka jana. Tukaahidiana kutafutana. Unajua ahadi hizo."

Kobe alimpa diski, akavuta kiti karibu. Nukta alipitisha macho kwenye orodha ya mafolda, mdomo ukicheza kidogo, kama anayesoma barua ya mtu anayemjua.

"Angalia mtu huyu. Duka moja la viatu, la kubuni tu, amelijenga mara tano kwa zana tano tofauti. Hapa anajaribu vivuli. Hapa menyu inajikunja, haijikunji vizuri, kesho yake inajikunja. Hapa ametumia siku tatu kwa kitufe kinachobadilika rangi ukikikaribia. Mtu anayefanya hivi hana kazi ya mteja, afande. Au anayo, haitaki."

"Mimi nimefuata folda la mwisho. Lenye mahesabu."

"Hili hapa. Hii zana alikuwa anajifunza, ni mpya kwake. Ngoja niiwashe."

Ukurasa ulifunguka. Ulikuwa mweupe, safi, na katikati yake maandishi makubwa ya kijivu: Waliopo hapa: 2.

"Wawili," Kobe alisema.

"Naona. Tuko wangapi humu?"

"Mimi na wewe. Wawili."

Nukta alimtazama kuona kama anatania, akaona hatanii. "Afande, haina macho hii. Hebu toka nje, ufunge mlango."

Inspekta wa polisi mwenye miaka ishirini na mitatu ya kazi akasimama ukumbini mbele ya mlango uliofungwa, akisoma namba ya fundi umeme iliyoandikwa ukutani kwa kalamu. Mfanyakazi wa duka la chini alipita na boksi la balbu, akamwamkia, naye akaitikia kana kwamba kusimama pale ndiyo kazi aliyotumwa.

"Bado wawili," sauti ya Nukta ilisema ndani. "Rudi."

Alirudi. "Wa pili ni nani?"

"Hakuna wa pili. Ni mimi mara mbili." Alivuta daftari akachora kisanduku. "Ukurasa ukiwa bado haujakamilika, uko kwenye majaribio, zana hii huendesha kila kitu mara mbili kwa makusudi. Inafungua, inafunga, inafungua tena, kufumba na kufumbua. Ni mtego. Kama ulisahau kufuta kitu ulipotoka, uumbuke mapema, ungali mwenyewe. Sasa yeye ameandika anayeingia ahesabiwe. Hakuandika anayetoka aondolewe. Nimeingia, nimehesabiwa. Nimetolewa, sikufutwa. Nimeingia tena, nimehesabiwa. Wawili. Kila anayejifunza zana hii hukanyaga hapo siku ya kwanza."

"Na wangekuwa wawili kweli?"

Nukta alichukua simu yake, akaiunga na kompyuta, akaufungua ukurasa uleule. Maandishi ya kijivu yalibadilika. Waliopo hapa: 4.

Kobe alitoa miwani, akatoa karatasi ya rekodi iliyokunjwa mara nne, akaiteremkia kwa kidole mstari mmoja mmoja, yote arobaini na mmoja. Nukta alimngojea. Nne haikuwepo popote.

"Ila iko siku ya sita," Kobe alisema polepole. "Siku ya sita ilisoma mmoja, na siku hiyo mdogo wake alikuwa safarini. Hiyo tu ndiyo inayokataa."

"Siku ya sita." Nukta alirudi kwenye kibodi. "Sisi tukihifadhi kazi huwa tunaandika na sentensi moja ya nini tumebadilisha. Historia yote inakaa nyuma. Watu wenu hawakuifungua?"

"Watu wetu walinakili rekodi."

Aliitafuta, akaipata, akaisoma. Kisha akaigeuza skrini, na Kobe akainama.

Siku ya sita marehemu alikuwa ameandika: "Nimeongeza mstari wa kumfuta anayetoka. Sasa hesabu ni sahihi." Chini yake, siku ya saba: "Nimeuondoa mstari wa jana. Hesabu sahihi ni moja, na hiyo naijua. Usirekebishe."

"Anamwambia nani asirekebishe?"

"Anajiambia mwenyewe," Nukta alisema. "Tunajiandikia hivyo. Mtu wa leo anamwachia ujumbe mtu wa kesho." Akalia waziwazi, mikono bado juu ya kibodi. "Alikuwa amelijua kosa. Alilirekebisha kwa mstari mmoja, akalirudisha. Kutoka hapa mpaka kwake ni vituo viwili vya basi, afande. Viwili tu."

Kobe hakuwa hodari wa mambo hayo. Alikaa naye mpaka alipofuta uso, akamwomba amchapie historia yote, aiwekee sahihi kila ukurasa.

*

Karatasi ya Nukta ilimwondoa mgeni kwenye kompyuta, haikumwondoa chumbani. Mtu anaweza kumsukuma kaka yake bila kugusa kompyuta yoyote. Kobe alilijua hilo, na ndiyo sababu alipitia stoo ya vielelezo, akasaini bahasha ya vitu vya fundi rangi, akaimwaga mezani. Pochi. Simu. Pakiti ya karata zilizochakaa hadi pembe zikawa laini kama kitambaa. Na ule ufunguo.

Aliushika kwenye mwanga wa dirisha. Karata hazichakai hivyo kwa mtu kucheza mwenyewe. Ufunguo, kwa upande wake, ulikuwa haujachakaa kabisa. Meno yake yalikuwa bado na makali ya tupa ya mchongaji.

Saa sita kasorobo alikuwa ghorofa ya pili. Mlango uliovunjwa ulikuwa umeegemezwa ukutani, kitasa bado kimo. Kobe alichuchumaa, magoti yakalia. Ufunguo wa marehemu uliingia ukazunguka vizuri, mara mbili. Ule wa mdogo mtu uliingia nusu ukagoma. Aliugeuza, akaupuliza, akaujaribu kwa upande wa ndani. Ukagoma kote. Aliyeuchonga aliuchonga vibaya, na hakuna aliyewahi kujua kwa sababu hakuna aliyewahi kuutumia. Hata polisi hawakuujaribu, maana mlango ulikuwa umeshalala chini, na nani anajaribu ufunguo kwenye mlango uliolala?

Kwa hiyo marehemu alijifungia mwenyewe, akaweka ufunguo mfukoni, akaenda jikoni kwenye maji yaliyomwagika. Hapakuwa na mwingine wa kuufunga ule mlango nyuma yake.

Alipaswa kufurahi. Badala yake aliketi kwenye kiti kile kimoja mbele ya ukuta, akahisi huzuni ambayo hakuwa nayo siku alipoamini kwamba ameuawa. Mtu aliyeuawa angalau alitembelewa.

*

Fundi rangi aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu, akikokota miguu. Kucha zake zilikuwa na rangi ya samawati. Alikaa akatazama meza, kama alivyoitazama siku tatu.

"Huu ufunguo kaka yako alikupa lini?"

Fundi rangi alikwangua rangi kwenye ukucha.

"Haufungui," Kobe alisema. "Nimetoka kuujaribu sasa hivi. Aliyelipwa kuuchonga alikula hela ya bure."

Fundi rangi aliinua kichwa. "Haufungui?"

"Haufungui."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana leo unakwenda nyumbani."

Kobe alitegemea kuona mabega yakishuka. Hayakushuka. Yule mtu aliendelea kuutazama ufunguo.

"Alinipa mwaka juzi alipohamia," alisema mwishowe. "Akaniambia siku yoyote, hata nisipokuwepo, ingia tu. Kumbe ningekwenda ningekwama mlangoni."

"Jioni ulikuwa unakaa wapi?"

"Gereji, kwa rafiki zangu. Tunacheza karata."

"Kila jioni? Na jioni ile?"

"Kila jioni. Waulize, watakwambia wananifukuza."

"Mbona hukusema siku ya kwanza? Tungekwenda gereji, ungelala kwako."

"Siku ya kwanza ulinisomea maneno ya mama, afande. Mimi ndiye niliyemwambia naenda. Mara ya kwanza nilitaka kwenda kweli. Nikanogewa na karata, nikachelewa, nikamwambia nimetoka kwa kaka, anakusalimia. Akafurahi mno. Kesho yake ikawa rahisi. Baadaye nikawa natunga. Kaka anauliza mguu unaendeleaje. Kaka anasema atakuja mwisho wa mwezi. Mama analala vizuri. Na kaka mwenyewe sijampigia hata simu."

"Sasa ningesemaje?" aliendelea. "Niseme mama mwongo? Au niseme mimi mwongo, asikie kwamba huku mtoto wake anakufa mimi nacheza karata?"

"Ulikuwa radhi ushitakiwe kwa kuua."

"Sikufikiri mpaka huko. Nilifikiri mpaka kwa mama tu." Akainamia meza. "Andika nilikuwepo, afande. Andika nilipita, tukasalimiana, nikaondoka, akateleza baadaye. Hilo haliniui mimi, na kaka haliwezi kumuumiza tena."

"Nikiandika ulikuwepo, nakufunga."

"Utajua pa kupitisha. Wewe ndiye askari."

"Njia ya mwongo ni fupi, kijana. Yako imeishia kwenye kitasa." Kobe hakulisema kwa ukali. Aliandika alichokiona kwa mwendo wake, akamsogezea karatasi. Fundi rangi aliisoma mara mbili, akatia sahihi, herufi zikipanda na kushuka.

*

Mama yao alikuwa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki vizuri. Kobe alitangulia kutoka. Saa saba unusu. Faili lilikuwa kwapani mwake na mstari wake wa kwanza sasa ulisema kwamba marehemu alikuwa peke yake.

"Mama, mwanao anatoka. Hana kosa lolote. Kaka yake aliteleza."

Mama alifunika uso kwa mikono miwili, akabaki hivyo kitambo. Alipoitoa alikuwa ametulia.

"Nilijua. Wale hawakuwahi kugombana hata wakiwa wadogo." Akamshika Kobe mkono wa shati. "Na kinachonishikilia mimi ni kimoja, baba. Kwamba mdogo wake alikuwa anakwenda. Hata siku ile, hata kama aliondoka mapema, alimwona. Mwanangu alionwa na mtu wake siku aliyokufa. Wengine hawapati hilo."

Kobe alifungua mdomo. Alikuwa amewapa watu habari mbaya mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na kila mara alijua pa kuanzia. Mlango ulifunguka nyuma yake kabla hajapata neno.

Fundi rangi alisimama pale, kamba za viatu mkononi.

"Sikwenda, mama."

"Siku ile hukwenda?"

"Siku zote. Nilikuwa gereji. Hakuna jioni niliyokwenda."

Askari wa zamu aliacha kuandika. Mama alimtazama mwanawe kuanzia usoni mpaka kwenye viatu vilivyolegea, akarudi usoni.

"Na mguu wangu? Alikuwa anauliza mguu wangu."

"Hakuuliza, mama. Nilikuwa nauliza mimi."

Kobe alidhani atalia, akasogea kidogo. Hakulia. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya kawaida, kama mtu anayeulizia kitu alichokiweka mahali.

"Mimi nilikuwa namjibu. Kila jioni nilikuwa nakutuma majibu, mwambie hivi, mwambie vile. Nilimwambia asilale na njaa. Nilimwambia kama kazi imekuwa ngumu arudi nyumbani, chumba chake kipo. Nilikutuma, ukaniitikia ndiyo mama." Aliushika mguu wake kwa mikono miwili. "Maneno yangu yote yale uliyaacha wapi?"